Kitenzi Kilichochelewa

Usiku wa jana niliota nimekaa kwenye ukumbi wa mtihani wa ukalimani, na sentensi niliyopewa haina kitenzi.

Niseme kwanza mimi ni nani, maana ndotoni hakuna aliyeniuliza. Naitwa Tusajigwe, wenzangu hulikata jina na kuniita Tusa. Nasoma Kijapani na tafsiri, mwaka wa tatu, na mtihani wetu wa mwisho wa ukalimani ulipangwa kufanyika leo saa mbili asubuhi. Mama yangu, Bi Subilaga, alipasuliwa uvimbe wa shingo siku ya Jumatatu katika hospitali moja huko kwetu Mbeya. Upasuaji ulikwenda vizuri, walisema, ila mama hakuzinduka. Jumanne hakuzinduka. Jumatano, yaani jana, hakuzinduka. Mama mdogo Tumpe, anayekaa naye wodini, alinikataza kusafiri.

"Ukija utamtazama tu, kama ninavyomtazama mimi," aliniambia kwenye simu. "Tukimtazama wawili hatazinduka haraka zaidi. Fanya mtihani wako, mwanangu."

Kwa hiyo nikalala. Nililala vibaya, lakini nililala.

Ukumbini tuko kama arobaini. Msimamizi ni kamusi ya Kijapani, ile nene ya maktaba yenye jalada la kijani lililobanduka pembeni. Imekaa kwenye kiti cha mbele na miguu yake haifiki chini. Hakuna anayeshangaa. Mimi pia sishangai. Nageuza karatasi.

Swali ni moja. Sentensi imeandikwa kwa Kijapani, nami naifasiri kichwani kadiri ninavyosoma: mama yako, leo, hospitalini, kwenye kitanda namba tisa, alfajiri. Halafu pengo. Halafu nukta.

Hapa inabidi nieleze kidogo. Kijapani huweka kitenzi mwisho wa sentensi. Si hilo tu, hata kukanusha kunakuja mwisho, nyuma ya kitenzi, kwenye mkia wake. Sisi tukikataa tunakataa mlangoni. Ukisema "sikula", msikilizaji ameshajua tangu ile "si" kwamba una njaa. Mjapani atakutajia wali, atakutajia samaki, atakutajia sahani na jana jioni, nawe unaitikia kwa kichwa tu, na ni mwisho kabisa ndipo utakapojua kama alikula au alilala hivyo hivyo. Mwalimu Kahangwa, anayetufundisha ukalimani, hutuambia kila wiki: "Subirini kitenzi. Mkalimani asiyesubiri kitenzi ni mpiga ramli."

Nikainua mkono.

"Sentensi yangu haina kitenzi," nikasema.

Kamusi ikajifungua, ikajipekua kurasa, ikasoma: "Kuchelewa. Moja, kutofika kwa wakati uliopangwa. Mbili, kufika baada ya wengine. Tatu, tazama foleni." Ikajifunga. "Kitenzi chako kiko kwenye maana ya kwanza."

"Na kisipofika?"

"Karatasi zinakusanywa saa nne. Sentensi isiyo na kitenzi haihesabiwi kuwa imesemwa. Inafutwa, pamoja na vilivyomo."

Nikainama nione vilivyomo. Mama yangu alikuwa amelala kwenye mstari, urefu wake kama kidole cha kati, amefunikwa shuka la bluu la hospitali, bandeji shingoni. Pembeni yake kilisimama kijineno kifupi, kimemshika mkono.

"Wewe ni nani?" nikakiuliza.

"Mimi ni wa."

"Wa nani?"

"Wa."

"Ndiyo, lakini wa nani?"

Kikashusha pumzi, kama mtu aliyekwisha kuulizwa hivyo na Waswahili wengi.

"Kwenu wa hutafuta mwenyewe," kikasema. "Mtoto wa fulani, mgonjwa wa fulani. Kwetu wa haina mwenyewe. Inamshika mtu mwanzoni mwa sentensi na kusema habari ni za huyu, msimsahau. Kazi yangu ni hiyo tu. Nimemshika mama yako tangu Jumatatu." Kikabadilisha mkono. "Vidole vimekufa ganzi. Kama unaweza kufanya haraka, fanya haraka."

"Ukimwachia itakuwaje?"

"Sentensi itabaki haina mtu."

Nikamtazama mama. Hakuwa amezinduka, wala hakuwa amekufa. Hakuwa akifanya chochote, kwa sababu kitenzi chake kilikuwa bado hakijafika. Nikahisi kitu kifuani, kidogo, kama punje ya mchele iliyokwama. Nikakiacha hapo hapo. Nikaomba ruhusa ya kwenda kukifuata kitenzi. Kamusi ikatazama ukurasa wa herufi R, ikasema ruhusa ipo.

Nafungua mlango wa ukumbi na najikuta stendi ya Tukuyu. Inanyesha, kama kawaida ya kule. Hakuna mabasi wala abiria. Mahali wanapokaa wakata tiketi pamewekwa mizani, ile kubwa ya kupimia viazi, na nyuma yake kuna lango la chuma lililofungwa.

"Kabla ya kupita lazima uhesabiwe," ikasema mizani.

"Niko mmoja."

"Mmoja wa umbo gani?"

Hili nililijua. Wajapani wana hesabu tofauti kwa kila umbo. Penseli, mwavuli na chupa vina hesabu yao, kwa kuwa ni virefu na vyembamba. Karatasi, sahani na shuka vina yao, kwa kuwa ni bapa. Watu wana yao. Mwaka wa kwanza niliandika kwenye jaribio kwamba nimenunua mayai kwa hesabu ya farasi, na mwalimu alichora chini yake picha ya farasi anayetaga.

"Mimi ni mtu," nikasema. "Nihesabu kama mtu."

"Umekula lini?"

"Juzi."

"Umelala lini?"

"Nimelala sasa hivi, ila vibaya."

Mizani ikanipandisha kwenye sahani yake. Mshale haukusogea. "Bapa," ikasema. "Utahesabiwa pamoja na karatasi."

Mara nikawa bapa. Haikuuma. Tatizo lilikuwa upepo tu.

"Kwetu haiendi hivyo," nikasema kutoka pale chini nilipoangukia. "Kwetu mtu hahesabiwi kwa umbo. Ana ngeli yake, A-WA. Mtu amekuja, watu wamekuja. Hata akikonda. Hata akilala siku tatu hajitambui tunasema amelala, hatusemi kimelala."

"Na akifa?"

Mvua ilikuwa inanipiga mgongoni, na mgongo wenyewe ulikuwa pia ndio tumbo.

"Hata akifa," nikasema. "Tunasema maiti ameoshwa. Maiti amezikwa. Tunamwachia ngeli yake."

Mizani ikayumba kidogo upande mmoja, halafu ikatulia.

"Lugha yenu haimtupi mtu," ikasema. "Lakini wewe bado ni bapa. Pita chini ya lango."

Nikapita chini ya lango. Ukweli ni kwamba nisingekuwa bapa nisingepita.

Upande wa pili ni ghorofa ya pili ya kitivo chetu, ila sakafu imetandikwa mikeka, na mwili wangu umerudi unene wake. Mlango wa kwanza umeandikwa "Nomino, gongeni". Wa pili umeandikwa "Vielezi, ingieni polepole". Wa mwisho kabisa haukuandikwa kitu. Nikavua viatu nikaingia.

Kitenzi kilikuwa kimekaa sakafuni peke yake, kinangoja birika lichemke. Kilikuwa kifupi, kimevaa fulana na soksi tu. Nikakitambua mara moja. Kilikuwa okiru, kuamka. Nimekiandika mara mia mbili kwenye daftari la mazoezi, lakini sikuwahi kukiona kikiwa nyumbani kwake.

Nilijua la kufanya. Kwa Kijapani, ukimwomba aliye juu yako, unajishusha wewe na kumpandisha yeye, na kila neno la heshima lina kina chake. Nikaanza.

"Naomba radhi kwa kuingia mahali pako patukufu," nikasema, na sakafu ikanimeza hadi magotini.

"Mimi niliye duni nimekuja na ombi dogo." Ikanimeza hadi kiunoni.

"Iwapo nitaruhusiwa kuipokea hisani ya kusikilizwa." Ikanifika shingoni.

Bado nilikuwa na nusu ya sentensi, na hiyo nusu ilikuwa na unyenyekevu wa kutosha kunizika.

Kitenzi kikageuza kichwa huku na huku. "Kuna mtu?" kikauliza. "Nasikia adabu, lakini mtu simwoni."

Kikasimama, kikaja hadi ukingoni mwa shimo langu. Kutoka pale nilipokuwa sikuona uso wake. Niliona soksi mbili, moja imetoboka kwenye kidole gumba. Nikatoa mikono yangu yote miwili nikaishika ile miguu.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba," kikajibu hapo hapo. Kisha kikajishika mdomo, kama kimeshtuka kusikia sauti yake. "Hiyo ni lugha gani?"

"Ya kwetu. Tunashika miguu mara moja, tunaitikiwa, tunaendelea na habari."

"Ni nafuu kuliko hii yetu," kikasema, kikanivuta juu. Kilikuwa na nguvu kuliko nilivyodhani. "Haya, habari gani?"

Nikakieleza. Nikakitajia mama, Jumatatu, kitanda namba tisa, karatasi zinazokusanywa saa nne. Kikasikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, kama ilivyo tabia yao.

"Siwezi kutoka hivi," kikasema. "Niko kwenye umbo la kamusi. Hizi ni nguo za ndani. Lazima nivae wakati uliopita, na lazima nivae heshima."

Kikafungua kabati. Ndani yake yalitundikwa makoti mawili meusi. La kwanza lilikuwa fupi, lina vifungo vitatu: ma, shi, ta. Ukilivaa, jambo limetendeka. La pili lilikuwa refu, lina vifungo sita: ma, se, n, de, shi, ta. Ukilivaa, jambo halikutendeka.

"Vaa lile fupi," nikasema.

"Aliyesema sentensi amesema nini?"

"Sijui. Ina pengo."

"Basi nitachukua yote mawili. Nitavaa pale pale, nikishajua."

Kikaenda kutazama birika. Nikabaki na kabati.

Nataka niseme wazi nilichofanya, kwa sababu mwalimu hutuambia mkalimani haongezi wala hapunguzi. Nililichukua lile koti refu, nikalikunja mara nne, nikalipenyeza chini ya blauzi yangu. Lilikuwa la baridi sana. Nikavuta mkoba mbele, nikasimama kama mtu asiye na lolote.

Kitenzi kikarudi. Kikachukua koti fupi, kikapiga hatua mbili kuelekea mlangoni, kikasimama. Hatua ya tatu haikwenda. Kikajaribu tena. Haikwenda.

"Kuna kitu umekipunguza," kikaniambia.

Nikaubana mkoba tumboni.

"Nikitoka na koti moja tu, mimi si kitenzi. Mimi ni dua."

"Dua kwani ina ubaya gani?"

"Haina ubaya. Ina mahali pake. Mama yako mdogo anaomba pale kitandani tangu Jumatatu, kazi hiyo anaifanya vizuri kuliko wewe. Wewe uliitwa kufasiri."

Lile koti lilikuwa limeanza kupata joto la mwili wangu, na nilijua nikikaa nalo kidogo tu nitalizoea. Nilimfikiria mama akiwa kwenye ule mstari, na wa akibadilisha mikono. Nikaingiza mkono chini ya blauzi, nikalitoa, nikalikunjua, nikampa. Naona nimesema "nikampa". Wakati ule nilikuwa nimeacha kukiona kama kitu.

Kikayatia makoti yote mawili begani, na miguu ikakubali kwenda.

Tunarudi kwa njia nyingine, kwa sababu mizani imeenda kula. Njia inapita katikati ya daftari langu la mazoezi. Mistari ni mipana kama barabara. Pembeni kuna mti uliosimama peke yake kwenye kisanduku chake.

Ule mti niliufahamu. Wajapani wana alama ya kuandika kupumzika: mtu mmoja ameegemea mti mmoja, basi. Hapa mti ulikuwepo, mtu hakuwepo.

"Ametoka kwenda kunywa chai," ukasema mti. "Niegemee dakika moja. Bila mtu mimi ni mti tu, na hakuna anayepumzika popote ninaposomwa."

Nikaegemea. Sikuwa nimegundua nimechoka kiasi kile. Gome lilikuwa la uvuguvugu, na usingizi ukaja ndani ya usingizi, mzito, kutoka miguuni. Kitenzi kikakaa kwenye mstari kando yangu, makoti mapajani.

"Kabla ya upasuaji mama alinipigia," nikasema. Sijui kwa nini nilisema. "Aliniuliza pole kwa Kijapani wanasemaje. Alitaka amwambie jirani yake wa kitanda, binti mmoja aliyekuwa analia, ili amchekeshe. Nikamwambia Kijapani hakina pole. Nikamweleza kwamba kuna neno la kumpongeza mtu kwa uchovu, na neno la kuomba radhi, na neno la kuonyesha masikitiko, lakini pole yenyewe, ile ya kumwambia mtu nimeona kinachokuuma, hiyo haina neno moja. Nikaeleza dakika kumi. Alikuwa amelala kwenye machela. Akasema sawa, mwanangu, basi nitamwambia kwa Kiswahili. Halafu wakamchukua."

Kitenzi kikayakunja makoti upya.

"Mimi sikumwambia pole," nikasema. "Nilimpa maelezo."

Kitenzi bado hakikusema kitu. Vitenzi husema mwishoni. Lakini kikasimama, kikanishika mkono wa blauzi, kikavuta.

"Twende," kikasema. "Ukikaa zaidi utasomeka hapa moja kwa moja."

Mti haukukasirika. Nilipogeuka nikaona yule mtu wake anarudi kwa mbali, kikombe mkononi, hana haraka.

Tunaingia ukumbini saa nne kasoro dakika mbili. Wenzangu wote wamelaza vichwa juu ya meza, wamesinzia. Kamusi imeanza kukusanya karatasi kutoka safu ya nyuma. Nakimbilia meza yangu nainama.

Wa alikuwa amekaa chini kwenye mstari, mikono yake miwili imelegea mapajani. Kitanda namba tisa kilikuwepo. Hospitali ilikuwepo. Alfajiri ilikuwepo. Mama hakuwepo.

"Nilijitahidi," akasema wa. Alikuwa analia bila sauti. "Ameponyoka sasa hivi. Sijui ameangukia upande gani."

Nikatazama pande zote za karatasi. Nikainua karatasi nikatazama chini yake. Nikapiga magoti nikapapasa sakafu, chini ya meza yangu na ya jirani yangu. Nilifanya hayo kwa utaratibu. Nakumbuka nilianza kushoto.

Kamusi ikafika kwenye safu yetu.

"Sentensi yangu haina mtu," nikaiambia. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida kabisa, kama ya mtu anayeomba kalamu.

"Kijapani kinaruhusu," ikasema kamusi. "Anayejulikana hatajwi."

"Lakini kitenzi kitamjuaje?"

Kamusi ikajipekua. Ilipekua muda mrefu, mbele na nyuma, na kwa mara ya kwanza haikupata kitu. Ikajifunga polepole.

"Sijui," ikasema. "Kisipotajiwa mtu, nadhani kitamtafuta popote alipo."

Kitenzi kikapanda kwenye karatasi. Kikatembea juu ya mstari, kikapita leo, kikapita hospitali, kikazunguka kitanda namba tisa kwa adabu, kikafika kwenye pengo. Kikatua makoti chini.

"Geuka," kikaniambia. "Navaa."

Nikageuka. Nikatazama ukuta. Ukutani palikuwa na saa, na mshale wake wa sekunde ulikuwa umesimama.

Nasikia nguo inachukuliwa. Siwezi kujua ni ipi, kwa kuwa zote ni za kitambaa kimoja. Nasikia mkono mmoja unaingia, halafu wa pili. Kisha kifungo. Kinafanya mlio mdogo, kama mtu anayegonga ulimi kwenye kaakaa.

Ma. Hicho kiko kwenye makoti yote mawili.

Nasubiri. Kifungo cha pili. Sikukisikia vizuri, kwa sababu mtu alikohoa. Huenda kilikuwa shi. Huenda kilikuwa se. Nikaanza kuhesabu tu. Viwili.

Vitatu.

Nasubiri cha nne. Kama kuna cha nne, basi kuna cha tano na cha sita. Sipumui. Kamusi nyuma yangu haipumui, kurasa zake zimetulia. Wa ameziba masikio. Nasubiri. Najiambia subiri kitenzi, subiri kitenzi, mkalimani asiyesubiri ni mpiga ramli.

Kimya.

Halafu nasikia nukta inavutwa, kama kiti kinavyosogezwa mezani, na kitenzi kinakaa.

Nikafumbua macho. Nilikuwa kitandani kwangu, chumba namba kumi na nne, bweni la wasichana. Simu ilionyesha saa kumi na moja kasoro dakika nne alfajiri. Kwenye kitanda cha pili, Mwahija alikuwa amekaa wima, shuka limeshuka kiunoni. Mwahija anasoma sheria. Kwa miaka mitatu sijawahi kumwona yuko macho kabla ya saa mbili, na Ijumaa moja gari la zimamoto lilipita chini ya dirisha letu akageuka upande wa pili.

"Nani ameniamsha?" akauliza.

"Si mimi."

"Kuna mtu ameniamsha, Tusa."

Koridoni milango ilikuwa inafunguliwa. Mmoja, miwili, halafu mingi. Wasichana walikuwa wanaulizana kwa sauti za usingizi kama ni kengele, kama ni moto, kama ni tetemeko. Hakuna aliyekuwa amesikia kitu. Wote walikuwa wamesimama tu na kanga zao, wanatazamana.

Simu ikaita. Ilikuwa mama mdogo Tumpe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Tusa. Tusa mwanangu." Alikuwa anahema kama aliyepanda ngazi. "Amezinduka. Sasa hivi, dakika hii hii. Nilikuwa nimepitiwa na usingizi pale kwenye kiti, nikashtuka, nikamkuta amefumbua macho ananitazama. Ananiuliza kanga yangu mbona nimeigeuza. Wewe unanisikia?"

"Nakusikia."

"Na si yeye peke yake. Wodi nzima iko macho, sijui kumetokea nini. Watu waliokuwa na maumivu usiku kucha ndiyo kwanza walikuwa wamelala, wote wamekaa vitandani. Hata nesi wa zamu, alikuwa amelaza kichwa juu ya meza yake, kaamka na mstari wa rula shavuni, anatuuliza sisi nani kamwita. Wewe, haya, nakupa mama yako. Asiseme sana, koo lake bado."

Nikasikia simu inahamishwa. Nikasikia shuka. Halafu pumzi ya mama, ambayo ningeitambua kati ya pumzi mia.

"Tusa," akasema. Sauti ilikuwa kama karatasi.

"Pole, mama," nikasema.

"Nimeshapoa." Akapumzika kidogo. "Na wewe mbona uko macho saa hizi? Si una mtihani?"

"Nimeamshwa," nikasema.

Hakuuliza na nani.